Ukuta na Udongo: Jinsi Nyumba za Dar es Salaam Zilivyopata Bei

Mwenye nyumba akiniita nimthaminie, huanza kwa kuuliza: "Hii inaweza kufika ngapi?" Nami humuuliza: "Karatasi hii unampelekea nani?" Wengine huona nakwepa swali. Lakini nyumba moja, siku hiyo hiyo, inaweza kupata tarakimu tatu zisizolingana na zote zikawa halali: ya benki inayotaka kukukopesha, ya kampuni ya bima, na ya serikali inayokulipa fidia barabara ikipita sebuleni kwako. Kila mmoja wa hao watatu anauliza jambo lake, na kila mmoja anahesabu baadhi ya vitu na kuviacha vingine.

Nimefanya kazi ya uthamini tangu nilipotoka Chuo cha Ardhi miaka ya themanini, kwanza katika ofisi ya umma, kisha katika kampuni binafsi. Muda wote huo ugomvi niliokutana nao ni ule ule mmoja, hata watu wanapoupa majina tofauti. Unathamini ukuta peke yake, au ukuta pamoja na udongo unaoubeba? Ugomvi huu ni mkubwa kwa umri kuliko sheria zetu zote za ardhi. Mwenye nyumba anayeijua historia yake huisoma ripoti ya mthamini kwa macho mengine kabisa.

Mnazi wangu, ardhi yako

Watu wa pwani walizoea zamani kutenganisha kilichosimama na kinachokisimamisha. Kwa mila na kwa sheria ya Kiislamu, mtu aliweza kumiliki minazi iliyoota katika ardhi ya mwenzake, akaiuza, akairithisha, akaiweka rehani, na ardhi ikabaki na mwenyewe. Unguja na Pemba shamba lilitajwa kwa idadi ya mikarafuu. Ukubwa wa eneo ulikuwa jambo la baadaye, kwa kuwa mti ndio uliozaa na mti ndio uliotozwa na kukopewa.

Nyumba nayo ilifuata mkondo huo. Nenda Majengo, Mombasa, hadi leo utakuta nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba kajenga, kazaa humo na kupangisha vyumba, lakini kila mwezi anampelekea mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Nyumba anaweza kuiuza; udongo ulio chini yake hauuzi. Anaweza kukaa humo maisha yake yote, na benki isimpe hata shilingi, kwa sababu hana hati. Zanzibar, mwaka 1928, watu wa Ng'ambo waliochoshwa na kupandishiwa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao waligoma kulipa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Kwa hiyo suala la nani anafaidi thamani ya udongo halikuletwa na wathamini wenye tai. Lilikuwapo mitaani, na watu walikuwa tayari kuligombea.

Upande wa bara, miaka mingi kabla ya mgomo huo, Wajerumani walipofika walilimaliza suala hilo kwa mkato. Amri ya Kaiser ya Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Kuanzia 1898 ikaja kodi ya kibanda, rupia 3 kwa kibanda cha kawaida. Serikali ile haikumhitaji mthamini. Ilimhitaji akida wa kuhesabu mapaa, na kibanda kizuri na kibovu kililipa sawa.

Waingereza nao walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Ardhi yote ya Tanganyika ikawa ya umma chini ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuitumia kwa miaka fulani, hadi 99. Mjini Dar es Salaam miaka hiyo 99 iliwafikia wachache. Uzunguni walipata, Uhindini walipata. Kariakoo na Ilala, Mwafrika alijenga juu ya kiwanja cha kibali kifupi alichokilipia kodi, na kibali hicho benki haikukitazama mara mbili.

Hata hivyo nyumba zilijengwa, na aina yake unaijua hata kama hujawahi kulala ndani yake. Mlango uko katikati. Ukumbi mrefu unapenya hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Mbele kuna baraza la kukalia jioni na kuuzia vitumbua asubuhi. Nyuma kuna jiko, bafu na choo cha shimo. Kuta za kwanza zilikuwa za fito na udongo, zikasiribwa chokaa. Paa lilikuwa la makuti, baadaye madebe yaliyofunuliwa na kugongwa yakanyooka, hatimaye mabati. Baadhi ya waliozimiliki walikuwa wanawake, ambao katika mji ule hawakuwa na njia nyingine nyingi za kupata kipato cha uzeeni.

Hesabu ya bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Nyumba yake ilikuwa Magomeni, eneo ambalo Waingereza walilipanga kwa ajili ya Waafrika katika miaka ya mwisho ya utawala wao. Alilala chumba cha mbele kushoto; vingine vitano vilikuwa na wapangaji. Ukimuuliza nyumba yake ina thamani gani, hakutaja saruji wala mabati. Alikuwa akisema, "Vyumba vitano, vitatu vinalipa, viwili vinanisumbua." Aliyetaka kununua nyumba mtaani pale alihesabu hivyo hivyo. Aliuliza kodi ya mwezi, akaizidisha kupata ya mwaka, akaondoa miezi ya wapangaji wanaohama usiku, kisha akajiuliza yuko tayari kungoja miaka mingapi kabla fedha yake haijarudi.

Vitabuni hesabu hii inaitwa mbinu ya mapato, na wanafunzi huifanyia mtihani. Bibi hakuwahi kukaa darasani.

Nilipokuwa chuoni tulipewa zoezi la kuthamini nyumba halisi, nikaenda kwake na futi ya kamba, ubao wa kuandikia na rafiki wa kunishikia ncha ya pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnapima nini?"

"Ukuta, bibi. Tunataka tujue nyumba ina meta ngapi za mraba."

"Na wapangaji hamuwapimi?"

Hatukuwapima, na fomu yetu haikuwauliza. Ilitaka vipimo vya nje vya jengo, aina ya msingi, ukuta, paa, dari, sakafu na madirisha, umri wa nyumba na hali yake. Ilitaka gharama ya kujenga jengo kama lile upya kwa bei za siku ile, tukate uchakavu, tupate jibu. Kiwanja kilitajwa kwa namba na kitalu tu. Sehemu ya kuandika bei ya udongo haikuwepo, na kutokuwepo kwake kulikuwa na sababu.

Udongo unakosa bei

Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika waruhusiwe kumiliki ardhi moja kwa moja kama bidhaa, Julius Nyerere aliandika kijitabu cha kupinga, Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni ya Mungu na imetolewa kwa wote. Mtu anaweza kudai jasho alilolitia juu ya ardhi. Ardhi yenyewe hakuiumba, basi hana haki ya kuiuza. Nyerere alihofia kwamba katika nchi ya maskini, ardhi ikiwa na bei, wachache wenye fedha wataimaliza na walio wengi watageuka wapangaji nchini mwao.

Baada ya uhuru hoja hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ulioachwa na wakoloni uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki chini ya dola. Kuanzia hapo, kwa mujibu wa karatasi, kilichoweza kuuzwa ni maendelezo peke yake: jengo, kisima, mazao, uzio. Kiwanja kitupu hakikuwa na bei.

Watu walikipa bei hata hivyo. Aliyetaka kuuza kiwanja alichimba msingi, akapanga mawe au matofali kozi mbili tatu, kisha akauza "msingi". Mkataba ulisema jamaa kanunua maendelezo. Fedha iliyopita chini ya meza ilikuwa ya mahali penyewe. Ndiyo maana katika mitaa ya zamani ya Kinondoni na Temeke utakuta misingi iliyozeeka bila kubeba ukuta wowote. Mingi ilijengwa ili iuzwe, na haikukusudiwa kubeba nyumba.

Tarakimu ya thamani ilipata uzito wake mkubwa kuliko wakati wowote mwezi Aprili 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha. Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo, ikaanzishwa ofisi ya Msajili wa Majumba. Jengo lililopangishwa, lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, lilikuwa la kutwaliwa. Fidia ilipungua kadiri jengo lilivyokuwa na umri, na lililozidi miaka 10 halikulipiwa kitu, kwa hoja kwamba mwenyewe alikwisha kurudisha gharama zake kwa kodi za wapangaji. Ghorofa za katikati ya jiji, nyingi zikiwa zimejengwa na familia za Kihindi kwa akiba ya vizazi viwili, zilibadilisha mwenyewe kwa siku chache. Nyingi ya familia hizo ziliondoka nchini.

Tazama kilichofanyika kwa jicho la kazi yangu. Kwa kawaida mwenye nyumba huomba thamani ipande. Chini ya sheria ile, tarakimu kubwa ilimpokonya mtu nyumba na tarakimu ndogo ilimwachia, na mwaka wa kujengwa uliandikwa kwa makini kuliko idadi ya vyumba. Bibi yangu hakuguswa. Nyumba yake ya Magomeni haikuikaribia laki moja. Aliendelea na wapangaji wake watano. Msajili wa Majumba naye aliendelea hadi 1990, alipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo hadi leo ndilo lenye majengo mengi ya enzi ile.

Kwa kuwa soko lilikuwa limejificha, sisi wathamini tulilelewa na mbinu moja tu, ile ya gharama ya kujenga upya ukitoa uchakavu. Saruji ilikuwa na bei, bati lilikuwa na bei, fundi alikuwa na bei. Kiwanja cha Oysterbay na cha Mbagala, kwenye karatasi, vilikuwa sawa. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kukopesha mwanzoni mwa miaka ya sabini na kufungwa mwaka 1995, ilikopesha nyumba kwa uthamini wa namna hiyo hiyo. Kila mmoja alijua kwamba Oysterbay si Mbagala, lakini fomu haikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Mahakama na meza ya Profesa

Mabadiliko yalikuja kutoka pande mbili. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi nzima mwaka 1991 na 1992, ikasikiliza wananchi waliopoteza mashamba na viwanja. Kisha, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa Kambi ya Simba kule Mbulumbulu, mkoani Arusha. Serikali ilikuwa imetunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa na operesheni ya kuwahamishia watu vijijini. Mahakama ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Ikaongeza kwamba fidia ya haki haiishii kwenye majengo na mazao: hata pasipo na maendelezo yanayoonekana, mtu aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili kulipwa.

Nilikuwa kazini hukumu hiyo ilipotoka. Wakubwa zetu waliijadili kwa sauti ya chini, maana ilikuwa inaugusa msumari mkuu wa fomu zetu. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, zikamaliza kazi. Sheria inatamka kama msingi wake kwamba maslahi katika ardhi yana thamani na kwamba thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Ardhi bado ni ya umma chini ya Rais, kama ilivyokuwa. Ila fomu sasa ilipata mstari mpya.

Dar es Salaam iliuona mstari huo kwa vitendo kuanzia 2002, kwenye mradi wa viwanja 20,000. Wizara ilipima maeneo ya Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, Mwanagati na kwingineko, ikalipa fidia kwa waliokuwamo, kisha ikaviuza viwanja kwa wananchi kwa bei iliyoandikwa waziwazi. Serikali iliyokuwa imesema udongo hauna bei ilibandika orodha ya bei za udongo ukutani. Sikulalamika, maana kwa mara ya kwanza tulikuwa na takwimu za soko ambazo hazikutoka midomoni mwa madalali.

Nairobi huhesabu kinyume chetu

Lakini katika kodi ya majengo, ukuta uliendelea kutawala. Sheria yetu ya 1983 ya kodi za halmashauri za miji iliitoza nyumba kwa thamani ya jengo, na ardhi ikawa na kodi yake ya pango upande mwingine. Vuka mpaka uende Nairobi ukute kinyume chake. Huko kodi ya jiji ilijengwa juu ya thamani ya kiwanja kama kingekuwa kitupu. Jumba la kifahari na kibanda cha mabati vikiwa kwenye viwanja viwili vinavyofanana, vinalipa sawa. Hoja yao ni kwamba anayejenga asiadhibiwe kwa kujenga, na anayeshikilia kiwanja kitupu akingoja bei ipande auone uchungu wake. Hoja nzuri, lakini inahitaji wathamini wanaorudi mara kwa mara, na Nairobi iliendelea kutumia orodha ya thamani ya mwaka 1982 kwa takriban miaka arobaini, hadi kodi ya mahali fulani ikawa kichekesho.

Sisi tulichoka mapema zaidi. Kuzithamini nyumba zote za Dar es Salaam moja moja ni kazi ya jeshi, na jeshi hilo halijawahi kuwepo. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa kulipia kabla (LUKU), kiasi kile kile kwa kila nyumba ya kawaida: ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500, na ghorofa ina kiwango chake cha juu zaidi. Ukiitazama sana, ni kodi ya kibanda ya mwaka 1898 iliyorudi na mita.

Kalamu, kibao na mwembe

Uthamini unaomkuta mwananchi bila hiari yake ni wa fidia, na hapo ndipo historia yote niliyoisimulia hukutana uani kwa mtu. Alama ya X nyekundu imepigwa ukutani. Kinakuja kikosi: mthamini, mpimaji, afisa wa mradi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenye nyumba anapewa kibao chenye namba, anasimama mbele ya mlango wake, anapigwa picha. Wazee wengi huvaa kofia na koti kwa picha hiyo.

Nakumbuka mzee mmoja wa Kimara ambaye hakutaka kusimama mbele ya mlango. Alitaka kusimama chini ya mwembe.

"Mzee wangu, picha ni ya nyumba," nilimwambia.

"Mwanangu, nyumba nimejenga miaka ile. Mwembe umenilisha kabla ya nyumba. Andika mwembe kwanza."

Tuliandika mwembe. Mazao na miti ina viwango vyake, na mwembe unaozaa una bei tofauti na mche. Nilimwonyesha mstari wake, akausoma, akaukubali, ndipo akasimama mlangoni na kibao chake. Kuna funzo hapo kwa kila mwenye nyumba: kisichoandikwa siku ile ya ukaguzi ni vigumu kukirudisha baadaye. Kisima kilichofunikwa, shimo la maji taka, bomba ulilovuta kwa gharama zako kutoka barabara kuu, ukuta wa kuzuia maporomoko nyuma ya nyumba: mtembeze mthamini aone kwa macho. Usimwachie mtoto wa darasa la tano aliyebaki nyumbani.

Kanuni za mwaka 2001 zilipanua kile kinachoitwa fidia. Kwanza kuna thamani ya soko ya ardhi na maendelezo. Juu yake kuna posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani hiyo na wastani wa riba ya amana za muda za benki kwa miezi kumi na miwili. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya nyumba ile kwa miezi 36. Kuna posho ya usafiri, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilometa 20. Kama ulikuwa na biashara, kuna faida uliyoipoteza. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa, na sheria ya 2016 imeongeza kwamba uthamini wa fidia usiolipwa kwa miaka miwili unapitwa na wakati na lazima ufanywe upya.

Chukua mfano wa namba nilizozibuni ili hesabu ionekane. Nyumba ina upana wa meta 9 na urefu wa meta 12, yaani meta za mraba 108. Tuseme kujenga upya kunagharimu shilingi 400,000 kwa meta ya mraba: shilingi 43,200,000. Ina umri, tunakata uchakavu wa asilimia 30, inabaki 30,240,000. Kiwanja kina meta za mraba 400, na viwanja vya jirani vinauzwa 100,000 kwa meta ya mraba: 40,000,000. Jumla ni 70,240,000. Kwa fomu niliyoibeba Magomeni nikiwa mwanafunzi, mtu huyu angepata milioni thelathini, na milioni arobaini zingebaki chini ya miguu yake bila kuonwa. Riba ya amana ikiwa asilimia 8, posho ya usumbufu peke yake ni zaidi ya milioni tano na nusu, kabla hujahesabu makazi na usafiri.

Sasa ichukue nyumba hiyo hiyo uipeleke bima. Kampuni ya bima haina haja na kiwanja, kwa sababu moto hauunguzi udongo. Inataka gharama ya kujenga upya jengo, ile 43,200,000. Ukikata bima ya milioni 70 unalipia udongo usioweza kuungua. Ukikata ya milioni 20 ili upunguze ada, siku jiko likiungua utalipwa sehemu tu ya hasara, kwa uwiano wa kiasi ulichokatia. Ipeleke benki, nao watatazama thamani ya soko, kisha watateremka hadi bei ya mauzo ya haraka, yaani kiasi wanachotegemea kupata wakiipiga mnada ukishindwa kulipa. Mkopo wako utatokana na tarakimu hiyo ya chini, na si kwamba benki inakudharau. Wanajiuliza swali la mnada.

Mambo niliyojifunza kuwaambia watu

Tangu 2016 uthamini una sheria yake, na bodi ya kusajili wathamini. Kabla ya kulipa ada, mwombe mthamini wako namba yake ya usajili, na uulize kama ripoti inahitaji kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali kwa matumizi unayoyataka. Dalali anaweza kukupa bei nzuri ya maneno, na pengine anaijua mitaa kuliko mimi, lakini maneno yake hayana saini ya kisheria.

Andaa karatasi za kiwanja. Hati ni bora zaidi. Kama huna, ofa, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Jua bikoni zako ziko wapi. Nimeona ukuta mzuri wa uzio ukiwa umejengwa meta mbili ndani ya kiwanja cha jirani, na thamani yake ikageuka kesi.

Usipake rangi kwa ajili yangu. Mthamini anatazama nyufa za msingi, hali ya mabati, barabara inayofika, maji ya mvua yanaelekea wapi. Na ukiuza, andika bei ya kweli kwenye mkataba. Wengi huandika nusu ili kupunguza kodi, kisha wanashangaa mtaa wao unapothaminiwa chini. Mauzo ya jirani ndiyo kipimo chetu, na mkataba wa uongo wa leo unamnyima mtoto wako mkopo kesho.

Omba nakala ya ripoti yako. Ni ajabu jinsi watu wanavyolipia uthamini, benki ikachukua karatasi, wao wakabaki na namba waliyotajiwa kwa simu.

Kariakoo, kule zilikoanzia nyumba za vyumba sita, hesabu imegeuka kabisa. Nyumba ya namna ile ikiuzwa leo, mnunuzi mara nyingi haingii ndani. Anapima kiwanja kwa hatua zake, anauliza ghorofa ngapi zinaruhusiwa, na baada ya kulipa analeta greda. Jengo lenye baraza la vitumbua halina thamani kwake; linamgharimu fedha ya kulibomoa. Familia ambazo mababu zao walijenga juu ya kibali kifupi, na wazazi wao wakaambiwa udongo hauna bei, leo zinauza udongo mtupu kwa fedha ambazo ukuta wote wa mtaa ule usingefikia.

Kwa hiyo ripoti ikifika mkononi mwako, tafuta mistari miwili: ardhi na majengo. Kama ni ya bima, mstari wa ardhi usiwepo. Kama ni ya benki, ya mauzo, ya mirathi au ya fidia, mistari yote miwili iwepo, kila mmoja na hesabu yake. Ukikuta mmoja hauna kitu, muulize aliyeandika sababu, na usitie saini mpaka akueleze.